Washindani Wakiungana: Funzo la Reli na Meli za Ziwa Letu

Tarehe 23 Desemba 2024 kampuni mbili kubwa za magari za Japani, Honda na Nissan, zilitangaza kwamba zinaanza mazungumzo ya kuungana. Laiti mpango ule ungetimia, kwa pamoja zingekuwa za tatu duniani kwa wingi wa magari yanayouzwa. Lakini haikupita hata miezi miwili. Tarehe 13 Februari 2025 zikatangaza kwamba mazungumzo yamevunjika na kila mmoja anarudi kwake.

Hapa Mwanza habari hiyo haikupita kimya, kwa sababu mji wetu unatembea kwa magurudumu ya Kijapani. Teksi, magari ya abiria, magari ya mizigo midogo yanayoshusha dagaa na sangara, karibu yote yametumika kwanza huko Japani kabla ya kuja kwetu. Wenye magari waliuliza kama vipuri vitapanda bei. Wengine waliuliza swali lililo kubwa zaidi: je, washindani wawili wakiungana, kuna maana yoyote, au ni kuahirisha ugomvi tu?

Wahenga walituachia majibu mawili. La kwanza ni kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. La pili ni kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika miaka yangu ya ualimu nimewasikia wanafunzi wakitumia methali hizi mbili katika mdahalo mmoja, kila upande ukijiona umeshinda. Ukweli ni kwamba methali haimalizi hoja. Inatuonyesha tu mahali pa kuanzia kufikiri. Kinachomaliza hoja ni mfano uliotendeka, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Nasi watu wa kanda ya ziwa tunao mfano huo, tena si mdogo. Ni habari ya reli mbili zilizoshindania mizigo ya ziwa hili, zikaunganishwa, zikafanya kazi pamoja kwa karibu miaka 30, kisha zikatengana kwa uchungu.

Reli ya kwanza kulifikia Ziwa Viktoria ni ile iliyotoka Mombasa. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na pale gatini zikaungwa meli zilizoletwa vipandevipande kutoka Uingereza. Wakati huo sehemu yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, nao hawakuwa na reli ya kufika huku. Matokeo yake ni kwamba ngozi, karanga na mchele wa Mwanza, pamoja na bidhaa za Bukoba, vilipakiwa katika meli za Waingereza, vikavuka hadi Kisumu, na kushuka Mombasa. Wajerumani walitawala ardhi, lakini faida ya usafirishaji iliingia mfuko wa jirani. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowasukuma kuharakisha Reli ya Kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita vikaanza kabla hawajapata nafasi ya kuileta Mwanza.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika, mtu angetegemea kwamba ushindani huo utakwisha, kwa kuwa sasa bwana ni mmoja pande zote mbili. Haikuwa hivyo. Reli ya Tanganyika ilikuwa na hesabu zake na wakuu wake, na Reli ya Kenya na Uganda ilikuwa na zake. Tawi kutoka Tabora, lenye urefu wa karibu kilomita 380, lilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu siku hiyo robota la pamba la Usukuma lilikuwa na njia mbili za kufika baharini. Njia moja ni kupanda treni hapa Mwanza hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 juu ya reli. Njia ya pili ni kupanda meli hadi Kisumu, kisha treni ya kilomita zaidi ya 900 hadi Mombasa.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo la kustaajabisha. Meli kubwa za ziwani zilikuwa mali ya Reli ya Kenya na Uganda. Maana yake Reli ya Tanganyika, hata baada ya kufika Mwanza, ilihitaji meli za mshindani wake ili ipate kahawa ya Bukoba na mizigo ya Musoma. Ni kama mwenye duka ambaye wateja wake hawana budi kupita uani kwa mwenye duka mwingine. Miaka ya 1930, bei za mazao zilipoporomoka duniani, mashaka ya reli zote mbili yalizidi. Mwaka 1932 Roger Gibb, mtaalamu wa mambo ya reli, aliandika ripoti juu ya nauli na fedha za reli za Kenya, Uganda na Tanganyika. Swali lililokuwa mezani ni lilelile la Honda na Nissan: kwa nini reli mbili zilizo chini ya bwana mmoja ziendelee kunyang'anyana mzigo mmoja?

Jibu lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 1 Mei 1948 reli hizo mbili pamoja na huduma za bandari ziliunganishwa kuwa shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Nairobi.

Je, kiufundi muungano ule ulikuwa na maana? Bila shaka. Kwanza, upana wa reli ulikuwa sawa, mita moja kila upande, kwa hiyo behewa la upande mmoja lingeweza kukanyaga reli za upande wa pili. Pili, meli na treni sasa zilikuwa za mwenye mali mmoja, na ratiba zingeweza kupangwa ili meli isiondoke gatini wakati treni inapiga honi kuingia stesheni. Tatu, shirika kubwa hukopa kwa urahisi kuliko dogo, na hununua mitambo kwa bei nafuu. Nne, upande ulio dhaifu hushikwa mkono na upande wenye nguvu pale mavuno yanapokuwa mabaya. Reli ya Tanganyika ilipita katika nchi pana yenye watu waliotawanyika. Ile ya Kenya na Uganda ilikuwa na mizigo mingi zaidi. Kuungana kulimpa mdogo mgongo wa kuegemea.

Matunda yalionekana. Mwaka 1961 meli ya Victoria, iliyoundwa Scotland na kuungwa Kisumu, ilianza kuzunguka bandari za ziwa, na wasafiri wa nchi tatu wakakaa sitaha moja. Mwaka 1963 njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa, na kwa mara ya kwanza Reli ya Kati ikashikana na reli ya Tanga, ambayo nayo ilikuwa imeshikana na ya Mombasa kupitia Voi. Katikati ya miaka ya 1960 vikaletwa vivuko vya mabehewa, Umoja na Uhuru, ambavyo vilibeba mabehewa yenye mizigo yake na kuyavusha ziwa bila kupakua hata gunia moja. Mtu aliyepakia pamba Mwanza aliweza kufunga mlango wa behewa hapa, na mlango huo usifunguliwe mpaka ng'ambo.

Basi, kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, kilichovunja nyumba ni nini?

Wengi hujibu kwa neno moja: siasa. Ni kweli. Baada ya Idi Amin kuitwaa serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, na Jumuiya ikakosa kikao cha wakuu wake. Tofauti za Tanzania na Kenya juu ya njia ya uchumi nazo zilikuwa zinapanuka. Hata hivyo naona jibu hilo limekatwa fupi mno. Siasa ilisukuma mlango ambao komeo lake lilikuwa limelegea siku nyingi. Komeo hilo ni maswali mawili ambayo mwaka 1948 hayakupata kujibiwa na wenye mali, kwa kuwa wenye mali, yaani wananchi wa nchi hizi, hawakuulizwa: fedha zinalala wapi, na nani ana neno la mwisho?

Chukua mfano wa injini. Katikati ya miaka ya 1950 shirika lilinunua injini 34 za mvuke za aina ya Garratt kutoka Manchester, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa na nguvu kuliko injini nyingine za mvuke zilizokuwa zikitumika wakati huo kwenye reli za upana wa mita moja. Zilipangiwa njia ya Mombasa na Nairobi. Fundi angekueleza sababu nzuri kabisa: injini zile zilikuwa nzito, na vyuma vya Reli ya Kati vilikuwa vyepesi mno kuzibeba. Lakini mtu wa kawaida aliyesimama stesheni ya Mwanza hakuona uzito wa chuma. Aliona kwamba mfuko ni wa wote, na kilicho bora kimekwenda upande mmoja. Kwamba karakana kuu na makao makuu yalikuwa Nairobi kulizidisha hisia hiyo. Katika muungano hisia ya kupunjwa ina nguvu sawasawa na kupunjwa kwenyewe.

Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967, uliounda Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulijaribu kuponya kidonda hicho. Mwaka 1969 shirika liligawanywa: reli ikabaki Nairobi, bandari zikahamishiwa makao makuu yake Dar es Salaam. Posta na simu zilipelekwa Kampala, na makao ya Jumuiya yenyewe yakawekwa Arusha. Ilikuwa hatua ya haki, lakini ilihamisha ofisi tu. Fedha zilizokusanywa katika kila nchi zilipaswa kupelekwa makao makuu, na katika miaka ya 1970 upelekaji huo ukawa ugomvi usiokwisha. Kila nchi ilikuwa na upungufu wa fedha za kigeni, na kila moja ilianza kushika kilichokuwa mkononi mwake. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa imeelekeza macho kusini, kwenye reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1975. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari lilikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani anashika kalamu.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege za shirika la pamoja zikaacha kuruka, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na kabla mwaka haujafika katikati Jumuiya ilikuwa imekufa. Ukazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Ziwani kila nchi ikabaki na kilichokuwa upande wake. Victoria ikabaki kwetu. Na vile vivuko viwili vya mabehewa navyo vikatengana: Umoja ikabaki Mwanza, Uhuru ikabaki Kisumu. Msomaji hatahitaji mwalimu kumfafanulia majina hayo.

Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi mjini Mwanza, nimetoka chuo cha ualimu si miaka mingi. Katika rejista ya shule kulikuwa na safu ya kazi ya mzazi, na kwa watoto wengi wa darasa langu ilisomeka, "Reli ya Afrika Mashariki". Katikati ya mwaka tuliandikishwa watoto wapya, waliorudi na wazazi wao kutoka Kisumu na Nairobi. Walikuwa na Kiswahili cha kule na vitabu vya kule, na waliwaacha nyuma rafiki ambao hawangeweza hata kuwapelekea barua kwa urahisi. Upande wa pili wa mpaka, naamini mwalimu mwenzangu alikuwa akiwaandikisha watoto waliotoka kwetu. Tukiongea juu ya makampuni kuungana na kutengana tunapenda kutaja hisa na mitaji. Mimi huiona kwanza ile safu ya rejista.

Kugawana mali kulichukua miaka saba. Benki ya Dunia ilimteua mpatanishi, Victor Umbricht wa Uswisi, na mapatano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Mpaka ulikuwa umekwisha kufunguliwa Novemba 1983. Wafanyakazi ndio waliochelewa zaidi. Nchini kwetu madai ya mafao ya wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya yaliendelea mahakamani na barabarani hata baada ya mwaka 2000, na wako waliofariki kabla ya kuona mwisho wake. Mashine ziligawanywa kwa asilimia, lakini umri wa mtu haugawanyiki.

Sasa turudi Japani, maana mfano wetu umetupa kipimo. Wajapani wenyewe wana historia ya kuungana. Mwaka 1966 kampuni ya Prince iliingizwa ndani ya Nissan, serikali yao ikilitaka jambo hilo. Liliwezekana kwa sababu kila mtu alijua nani anaingia kwa nani; na kazi nzuri ya mgeni haikutupwa, kwa kuwa gari la Skyline, lililoanzia Prince, liliendelea kuundwa kwa jina la Nissan. Linganisha na Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani. Mwaka 1998 ziliungana zikisema ni muungano wa walio sawa. Mwaka 2007 Wajerumani waliiuza Chrysler. Usawa uliotangazwa kwenye karatasi haukuwapo ofisini.

Honda na Nissan nazo zilianza kwa lugha ya kampuni mbili chini ya kampuni mama moja. Lakini Nissan ilikuwa imedhoofika. Mwezi Novemba 2024 ilikuwa imetangaza kupunguza wafanyakazi 9,000. Honda ikapendekeza kwamba Nissan iwe kampuni tanzu yake. Nissan ikakataa. Yaani walifikia swali lilelile, nani ana neno la mwisho, na jibu likawatenganisha. Wapo waliowacheka kwa kushindwa upesi. Mimi nawapongeza. Walivunja posa, hawakuvunja ndoa. Hakuna mtoto aliyehamishwa shule, wala mpatanishi aliyelazimika kugawa karakana kwa asilimia. Tena hawakuacha kila kitu: walisema wataendelea kushirikiana katika teknolojia ya magari ya umeme, jambo ambalo linaweza kufanywa na kila mmoja akiwa na mfuko wake.

Natambua kuna atakayesema kwamba nimewapendelea wanaokaa mbalimbali. Atasema: je, huoni kuwa miaka ile 30 ya reli moja ilimfaa mkulima kuliko miaka iliyofuata, ambapo mabehewa yalipungua, vivuko vikakaa gatini, na mzigo ukahamia kwenye malori? Naona, na sikatai. Muungano wa reli zetu ulikuwa na maana kwa mzigo. Haukuwa na maana kwa mfuko, kwa sababu aliyeufunga hakuwa mwenye mfuko. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoponza. Kitu kinachomfaa mkulima ni behewa lisilopakuliwa njiani na nauli anayoijua mapema. Vyote hivyo vinahitaji upana mmoja wa reli, gati linalolingana na kivuko, hati moja ya mzigo, na ratiba inayosomeka pande zote mbili. Havihitaji mkurugenzi mmoja.

Jambo hili si la kale. Kenya ilifungua reli mpya ya upana wa kimataifa, ile tunayoiita SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na ikafika Naivasha mwaka 2019. Sisi tulianza kusafirisha abiria kwa SGR yetu kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa mwaka 2021. Reli mbili tena zinaelekeza pua zao kwenye ziwa lilelile, zikitamani mizigo ileile ya Uganda na nchi za jirani. Kwa bahati njema upana wake ni mmoja, kama ilivyokuwa zamani. Siku moja watatokea wataalamu wenye hesabu nzuri watakaosema ziunganishwe. Na watatokea wengine watakaosema zishindane mpaka mmoja aanguke.

Kwa hao wa kwanza, ningewaomba waandike ukurasa wa mwisho wa mkataba kabla ya ule wa kwanza: tukitengana, mfanyakazi atalipwa na nani, lini, na kutoka sanduku gani? Wakishindwa kuuandika, waache. Kwa hao wa pili, ningewakumbusha kwamba reli iliyokuja Mwanza mwaka 1928 ilikuta meli ni za mwingine, na haikuweza kuwafikia wateja wake wa Bukoba na Musoma bila yeye. Jirani unayeshindana naye ndiye pia anayekuvusha. Heri kukubaliana naye bei ya kuvuka, kila mtu akalala na ufunguo wa sanduku lake.